Mwanamke wa Wastani

Wahakiki wetu wamezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na mashairi. Mimi nami, niliyefundisha somo la Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, nimeifanya kazi hiyo hiyo. Lakini tangu nilipostaafu na kuhamia hapa Makambako, maandishi ninayoyasoma kwa bidii zaidi si riwaya. Ni taarifa za takwimu, vile vitabu vinene vya majedwali ambavyo mwanangu huniachia kila anapopita kwenda Songea kikazi. Hakuna anayevihakiki vitabu hivi. Vinanukuliwa tu. Kiongozi husimama jukwaani, husoma tarakimu moja, nasi hupiga makofi au huinamisha vichwa kwa kadiri ya tarakimu yenyewe ilivyo, kisha tunatawanyika.

Katika vitabu hivyo yumo mhusika mmoja asiye na jina. Ni mwanamke wa Kitanzania wa wastani. Kimo chake, kwa miaka mingi, kimetajwa kuwa karibu sentimita 156. Uzito wake umekuwa ukipanda taratibu tangu ule utafiti wa afya na idadi ya watu wa 1991/92, na katika tafiti zilizofuata za 2004/05, 2010 na 2015/16. Umri wake ni kati ya miaka 15 na 49. Siku anapotimiza miaka 50 hutoka kitabuni kimya kimya, bila tanga wala matanga. Mimi nilitoka zamani. Akiwa mjamzito, uzito wake hauingizwi katika hesabu ya wanene na wembamba. Anaamka saa ngapi, anabeba nini kichwani, anapumzika lini, hayo hatuambiwi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu angeniletea mhusika wa namna hii katika insha yake, ningemrudishia daftari.

Naomba nieleweke. Sina ugomvi na takwimu, na wanaozikusanya wanapita njia mbaya wakiwa na mizani begani na ubao wa kupimia urefu mkononi. Tena wametutoa gizani. Kabla yao, aliyepimwa kimo katika Afrika Mashariki alikuwa mwanamume, hasa yule aliyeandikishwa jeshini. Mchumi Alexander Moradi alipotaka kujua hali ya lishe katika Kenya ya kikoloni, utafiti wake uliochapishwa 2009 ulitegemea sana vimo vya waliojiunga na jeshi la King's African Rifles. Mama zetu hawakuwa na daftari la namna hiyo. Vimo vyao tunavikumbuka kwa milango waliyoinama kupita, na kwa kanga zilizowafikia magotini au miguuni. Kwa hiyo jedwali la mwaka 1991/92 ni jambo la kushukuriwa. Lakini kitu cha kushukuriwa nacho huhakikiwa.

Nianze na kimo, maana hapo ndipo usomaji mbaya unapoanzia.

Kimo na uzito vimewekwa katika sura moja ya kitabu, mara nyingi katika jedwali moja, kana kwamba ni ndugu wawili wanaosimulia habari moja. Sivyo. Uzito ni habari ya mwaka huu, pengine ya msimu huu. Mwanamke anaweza kupungua kilo nne kati ya Januari na Aprili, wakati ghala limebaki vumbi na palizi haijaisha, akazirudisha ifikapo Agosti. Kimo ni habari ya zamani. Sehemu kubwa ya hatima yake huamuliwa tumboni mwa mama na katika miaka miwili ya kwanza baada ya kuzaliwa, na msichana akishavunja ungo haongezeki sana tena. Mwanamke wa miaka 45 aliyepimwa mwaka 2022 hasemi lolote, kwa kimo chake, kuhusu mwaka 2022. Anasimulia 1977 na 1978: mvua za miaka ile, surua za miaka ile, na kama mama yake alikuwa na mtu wa kumwachia mtoto alipokwenda shamba. Kwa hiyo anayesoma wastani wa kimo cha wanawake na kuhukumu sera za leo ni sawa na anayesoma barua iliyochelewa posta miaka arobaini na kumjibu aliyeiandika kana kwamba bado yupo kwenye anwani ile ile.

Tatizo la pili ni gumu zaidi, na sijawahi kulisikia likitajwa jukwaani. Wastani wa kimo cha watu wazima ni wastani wa waliopona. Utafiti wa 1991/92 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, 141 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 43. Wale waliozikwa hawakuwa watoto wowote tu. Aghalabu walikuwa wale dhaifu, waliougua mara kwa mara, ambao wangeishi wangekuwa wafupi. Mchumi Angus Deaton aliandika mwaka 2007 kwamba wanawake wa Afrika ni warefu kuliko umaskini wao na maradhi ya utotoni mwao yanavyoweza kuelezwa, na mojawapo ya mambo aliyoyapima ni hili la kifo kuwachagua wafupi mapema. Sasa tazama, ndugu msomaji, ajabu ya jedwali letu. Hospitali zikiokoa watoto ambao zamani wangekufa, na watoto hao wakakua wakiwa wafupi kidogo, wastani wa taifa unaweza usipande hata sentimita moja, na mtu akasimama akasema hatujaendelea. Mama mwenye watoto watano walio hai, wawili kati yao wafupi, na mama mwenye watatu walio hai, wote warefu, na makaburi mawili nyuma ya nyumba: jedwali linamsifu yupi?

Hapa Njombe suala hili si la mezani. Utafiti wa 2022 ulikuta kwamba asilimia 50.4 ya watoto wa mkoa wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyostahili kwa umri wao. Jirani zetu wa Iringa walikuwa na asilimia 56.9. Kwa taifa zima ni asilimia 30. Miaka minne nyuma, mwaka 2018, utafiti wa lishe ulikuwa umetupa asilimia 53.6, juu ya mikoa yote. Mgeni asiyeijua Njombe anaposoma tarakimu hizi hudhani ni nchi ya ukame. Akija atakuta mahindi, maharage, ngano, viazi vya kulisha Dar es Salaam, mashamba ya chai Lupembe na Luponde, na siku hizi maparachichi yanayopakiwa kwenda Ulaya. Anachanganyikiwa. Na mtu aliyechanganyikiwa hutafuta maelezo mepesi.

Maelezo mepesi ya kwanza ni kwamba Wabena, Wakinga na Wapangwa ni makabila mafupi, basi. Nimeyasikia kwa watu wenye shahada. Jibu lake liko wazi. Vipimo vinavyotumika kusema mtoto amedumaa vilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kuwafuatilia watoto wa Brazili, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani waliolelewa katika hali nzuri. Walikuta kwamba mtoto wa Accra aliyenyonyeshwa, aliyekula vizuri na asiyeugua mara kwa mara hukua karibu sawa kabisa na mtoto wa Oslo. Tofauti za nasaba zipo kati ya mtu na mtu, lakini kati ya kundi na kundi la watoto wadogo ni ndogo mno kueleza nusu ya mkoa. Au tutazame Korea Kusini. Utafiti mkubwa wa vimo vya dunia uliotoka 2016 ulionyesha kwamba wanawake wa nchi hiyo waliozaliwa 1996 walikuwa warefu kwa sentimita 20 hivi kuliko waliozaliwa 1896. Nasaba haibadiliki hivyo katika miaka mia moja. Utafiti huo huo, kwa bahati mbaya, ulikuta kwamba katika nchi kadhaa za Afrika kusini mwa Sahara kimo kilianza kushuka kwa waliozaliwa baada ya miaka ya sitini.

Katika ukoo wangu sihitaji kwenda Korea. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mwanamke mrefu. Aliinama kupita mlangoni mwa jiko lake mwenyewe. Alikulia katika nyumba yenye ng'ombe, na hadi uzeeni alizungumza juu ya maziwa ya mgando kama wengine wanavyozungumza juu ya mchumba wa kwanza. Mama alikuwa mfupi kuliko yeye. Mimi, niliyezaliwa 1957 wakati baba yuko Tanga kwenye mkonge, ni mfupi kuliko wote: sentimita 148. Binti yangu, aliyelelewa katika nyumba ya mwalimu yenye mshahara mdogo lakini wa kila mwezi, ana sentimita 163. Damu ni ile ile. Kilichokuwa kinabadilika ni nani alikuwa nyumbani na nani alikuwa mbali.

Nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza, mwaka 1982, nilipimwa katika kliniki moja ya wajawazito, na kwenye kadi yangu ikatiwa alama kwamba kimo ni chini ya sentimita 150. Alama ile ni ya haki. Mwanamke mfupi ana hatari zaidi ya kushindwa kujifungua njia ya kawaida, na kadi humtaka ajifungulie hospitali. Sikulalamikia kadi. Nililalamikia maneno. Nesi aliyenipima, dada wa rika langu, alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye benchi la nje: “Ninyi watu wa huku mnadumaa kwa sababu mnauza chakula chote halafu mnanyweshana ulanzi.” Wanawake kwenye benchi walicheka kwa aibu. Nikamwambia, “Dada, wakati nadumaa mimi nilikuwa na mwaka mmoja. Sikuwa na shamba wala kikombe.” Hakunijibu. Akaita jina linalofuata.

Haya ndiyo maelezo mepesi ya pili: ujinga wa mama. Yana nguvu kuliko yale ya kabila kwa sababu yana chembe ya ukweli. Kweli tunauza. Kweli kuna watoto wanaoonjeshwa ulanzi msimu wa mvua, mianzi inapogemwa. Lakini nani anayeyasema haya amewahi kufuatana na mwanamke wa vijiji vya Lupembe au Wanging'ombe siku moja ya Januari? Anaamka giza halijaondoka na baridi inauma. Anakoka moto kwa kuni alizozisenya mwenyewe, anapika uji wa mahindi matupu, anawaachia watoto, na mdogo kabisa anafungwa mgongoni au anaachwa kwa dada yake mwenye miaka saba. Shamba liko mbali, kwa sababu mashamba ya karibu yamekwisha rutuba au yamepandwa miti ya mbao. Anapalilia hadi alasiri. Anarudi na mzigo wa kuni. Anateka maji. Anapika ugali na mboga usiku, na mtoto wa miaka miwili keshasinzia. Tumbo la mtoto wa umri ule ni dogo kama ngumi yake. Haliwezi kuchukua kwa mara mbili chakula cha siku nzima, hata kama ghala limejaa hadi mlangoni. Linataka mara nne, mara tano. Na kumlisha mtoto mara tano kunataka mtu, siyo gunia.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1983, Njombe ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Iringa, ulianza mpango wa lishe ulioendeshwa na serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia. Kwa kuanzia vilichukuliwa vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu, mizani imening'inizwa kwenye mti au kwenye boriti ya ofisi ya kijiji, na matokeo yakajadiliwa pale pale na wanakijiji: nani amepungua, kwa nini, tufanye nini kwa uwezo wetu. Naona huo ulikuwa uhakiki wa kweli wa takwimu. Tarakimu haikusafiri kwenda Dar es Salaam kabla ya kuulizwa maswali na wenyewe. Na wenyewe walipoulizana, hawakusema kabila wala ujinga. Walisema muda. Walisema mama amechoka. Vijiji vingi vikaanzisha vituo vya kulelea watoto, ambako wanawake walipokezana kupika uji na wengine wakaenda shamba. Katika miaka minne tu ya mpango, kwenye vijiji vile vya kwanza, watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka zaidi ya nusu hadi wasiofika wanne kati ya kumi. Mwaka 1990 UNICEF iliuchukua mtazamo uliokomaa huku, kwamba lishe ni chakula, na afya, na matunzo, vyote vitatu, ikaufanya mwongozo wake kwa dunia nzima. Leo wataalamu wanatoka nje kuja kutufundisha mchoro ambao shina lake liko Iringa. Vituo vile vya uji vingi vilikufa fedha zilipokwisha. Mizani ilibaki, mazungumzo chini ya mti yakaondoka.

Na wanaume? Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha 2005 kilichotokana na mazungumzo na wazee wa Njombe, ameeleza jinsi wanaume wa huku walivyoondoka kwa vizazi kutafuta mshahara, na jinsi familia ilivyobaki kuwa kimbilio la watu walioachwa pembeni na serikali. Wakoloni walihitaji mikono ya mkonge Tanga na Morogoro, na nyanda zetu zikawa bwawa la kuvulia mikono hiyo. Nasoma wastani wa kimo cha wanawake waliozaliwa miaka ile, najiuliza ni sentimita ngapi ndani yake zilikwenda Tanga kwa treni. Jedwali halina safu ya swali hilo.

Nije kwenye uzito. Hapa wastani unadanganya kwa njia nyingine.

Mwaka 1991/92, karibu wanawake 11 katika kila 100 wa Tanzania walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Mwaka 2004/05 walikuwa 18. Mwaka 2010 walikuwa 22, na 2015/16 wakafika 28. Wastani ukapanda, na magazeti yakaandika kwamba wanawake wa Tanzania wananenepa. Lakini shuka chini kidogo katika ukurasa ule ule, utazame wembamba kupita kiasi. Mwaka 2004/05 walikuwa 10 katika 100. Mwaka 2010 walikuwa 11. Mwaka 2015/16 walikuwa 10. Yaani kwa miaka zaidi ya kumi wastani ulipanda na waliokuwa chini hawakuguswa. Watafiti Fahad Razak na S. V. Subramanian na wenzao walilionyesha jambo hili mwaka 2013 kwa nchi 37: wastani wa uzito wa wanawake unapopanda, wanaousukuma ni wale ambao tayari ni wazito, na wembamba hawafuati kwa kadiri ile ile. Mwanamke wa wastani amenenepa. Mwanamke mwembamba hana habari hiyo.

Njombe inaonyesha jambo hili kwa macho, maana kilomita zipatazo 60 za lami ya kutoka Makambako hadi Njombe mjini, na njia za vumbi zinazochepuka kushoto na kulia, zinapita katika nchi mbili. Makambako ni mji wa njia panda: reli ya TAZARA, barabara kuu ya kwenda Zambia, na barabara ya Songea. Mwanamke wa hapa anakaa dukani au kwenye meza ya biashara tangu asubuhi, anakula chipsi zilizokaangwa mara mbili na soda, anapanda bodaboda hadi mlangoni. Mwenzake wa kijijini anapanda mlima na gunia. Fundi cherehani wangu, mzee wa Kikinga mwenye duka karibu na stendi, ana madaftari ya vipimo ya miaka zaidi ya ishirini: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa gauni. Ameniambia vitambaa vya sare za harusi alivyozoea kukadiria yadi nne, sasa anakadiria tano kwa wateja wa mjini, na kwa ndugu zao wanaotoka vijijini anabaki na kipande cha kumshonea mtoto. Nilimuuliza kama amewahi kukokotoa wastani. Akanitazama. “Mwalimu, nikishona gauni la wastani atalivaa nani?”

Tena katika mkoa wetu uzito una maana ya pili ambayo vitabu vya takwimu vinaiweka katika sura nyingine kabisa. Mwaka 2011/12 Njombe iliongoza nchi kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI, asilimia 14.8 ya watu wazima wa miaka 15 hadi 49, na katika utafiti wa 2022/23 bado tuliongoza. Miaka ya tisini, kabla ya dawa, kukonda kulikuwa hukumu. Nilikuwa na wanafunzi wawili au watatu katika kila darasa waliokuwa wakilelewa na bibi. Mwanamke aliyepungua kilo tano kwa sababu ya malaria alikwepwa kisimani. Dawa za kurefusha maisha zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, na zikafika huku, nikaanza kuona nyuso zikijaa tena sokoni. Mpaka leo, hapa kwetu, mtu akikwambia “umenenepa, mnyalukolo” anakupongeza kwa kuwa hai. Halafu anakuja mshauri wa afya na bango lenye picha ya mwanamke mnene lililopigwa mkasi mwekundu, anashangaa kwa nini akina mama wananyamaza. Ni kilo ngapi katika ongezeko lile la wastani ni za wanawake ambao, bila dawa, wasingekuwapo kupimwa? Sura ya unene na sura ya UKIMWI zimeandikwa na watu wasiosomana.

Simaanishi kwamba unene hauna madhara. Kisukari na shinikizo la damu vimewachukua wenzangu wengi wa chuo cha ualimu. Nauliza habari ya kipimo. Uwiano unaotumika, kilo zikigawanywa kwa mraba wa kimo kwa mita, ulitokana na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya kumi na tisa, mtu yule yule aliyetupa dhana ya “binadamu wa wastani” katika kitabu chake cha 1835. Ancel Keys wa Marekani aliuchukua mwaka 1972 akaupa jina unalojulikana nalo leo, baada ya kuupima kwa watu zaidi ya 7,000 wa nchi tano, wakiwamo Waafrika wa Afrika Kusini. Wote walikuwa wanaume. Mimi nina kilo 57. Ukinigawanya kwa kanuni hiyo unapata 26, na kwa kuwa mpaka ni 25, naandikwa kuwa nimezidi uzito. Mpe binti yangu kilo zangu hizo hizo 57: anapata 21.5, mwenye afya njema. Kwa hiyo mtoto aliyenyimwa sentimita kumi na tano mwaka 1958 anakuja kutozwa faini miaka sitini baadaye, kwa kilo ambazo mwenzake anazibeba bure. Katika mkoa wenye wanawake wengi waliodumaa utotoni, sehemu fulani ya “wanene” wetu ni wafupi tu. Na kama daktari atasema kwamba aliyedumaa utotoni hana budi kujihadhari zaidi na mafuta ukubwani, nitamwambia sawa, daktari, basi uandike vyote viwili kwenye kadi, na tarehe yake.

Nimeulizwa na mwanangu: sasa mama, unataka wafanye nini, waache kupima? La hasha. Nataka wasome walichokwisha kukipima. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, inayotoa vitabu hivi vya vimo na uzito, ndiyo hiyo hiyo iliyouliza, katika utafiti wa nguvu kazi wa 2006 na tena wa 2014, watu wanatumiaje saa zao ishirini na nne: shambani, jikoni, kisimani, kwa watoto. Kitabu hicho ninacho. Nimekiweka kwenye rafu moja na kile cha 2015/16, na nimewahi kumwonyesha ofisa mmoja wa lishe aliyekuja kunywa chai. Alipekua cha kwanza kwa haraka ya mtu aliyekizoea. Cha pili alikishika muda mrefu, akauliza kimetoka wapi, akaomba aondoke nacho wiki moja. Hii ni ya tatu.